Shamba la Kukodi na Dawa ya Aliyekutangulia

Vuli iko karibu, na kule tambarare za Hai, Moshi Vijijini na Arumeru mashamba yameanza kubadili mikono. Aliyelima mahindi masika amevuna, mabua amewauzia wafugaji, karudi kwake. Anayetaka kupanda maharage ya vuli anazunguka akitafuta ekari mbili tatu za kukodi. Akikutana na mwenye shamba, maneno ni yaleyale ya kila mwaka: bei ya ekari, mpaka unaishia kwenye mti gani, maji ya mfereji yanafika au hayafiki, ng'ombe wa jirani wana tabia gani. Makubaliano yanaandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, mashahidi wawili wanatia sahihi, fedha inahesabiwa, watu wanaagana.

Leo nataka kuzungumzia swali ambalo haliulizwi hapo: msimu uliopita shamba hili lilipigwa dawa gani ya magugu, na lilipigwa lini? Kama una ng'ombe wa kukamua na huwezi kunisikiliza mpaka mwisho, nenda na swali hilo moja tu, linatosha.

Sababu ya watu kutouliza naielewa. Wengi wetu dawa ya magugu tumeijulia kwa glifosati, na glifosati imetudekeza. Ilianza kuuzwa mwaka 1974, na leo ni vigumu kumpata mkulima ambaye hajaishika. Unapiga majani yaliyokwisha kuota, yananyauka taratibu kwa wiki moja au mbili, unapanda, mbegu inaota kama kawaida. Inawezekana hivyo kwa sababu glifosati ikifika udongoni hushikwa kwa nguvu na chembe za mfinyanzi na madini ya chuma na aluminiamu, palepale panaposhika fosforasi, na mizizi ya zao linalofuata kwa kawaida haiwezi kuing'oa hapo. Kazi yake inapitia kwenye jani. Kwa miaka mingi, basi, mkulima amejifunza kwamba dawa ya magugu ni shughuli ya juu ya ardhi: ikishaua, imekwisha. Kisha madukani zikaja dawa za koo nyingine, na muuzaji ni yuleyule, chupa zinafanana, bomba ni lilelile la mgongoni. Mazoea ya dawa ya kwanza yakahamia kwa hizi za pili.

Atrazini ni ya koo hizo nyingine. Ilitoka kwenye kampuni ya Geigy ya Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, na imekuwa dawa kubwa ya mahindi duniani tangu hapo. Hii hupigwa hasa kwenye udongo, mara tu baada ya kupanda kabla mahindi hayajachomoza, au yakiwa bado machanga. Inakaa pale ikingoja. Gugu likiota, mizizi inanyonya maji yenye dawa, maji yanapanda hadi kwenye jani, na ndani ya jani atrazini inaziba ile hatua ambayo mmea unatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mahindi nayo yananyonya dawa hiyohiyo, ila yana uwezo wa kuivunja ikawa kitu kisicho na madhara kabla haijafanya kazi yake. Mtama una uwezo huo, na muwa pia. Maharage hayana. Soya haina, alizeti haina, ngano haina, wala vitunguu, nyanya, kabichi na matango.

Hapa wengine huwalaumu watengenezaji kwamba wametuletea kitu kisichotoka ardhini. Mimi siendi nao huko. Kukaa udongoni ndicho unacholipia dukani. Dawa ambayo ingetoweka baada ya siku kumi ingekuachia jembe mkononi wiki ya tatu, na wewe umenunua dawa ili upumzike na palizi mpaka mahindi yafunge kivuli, wiki sita au nane hivi. Shida ni kwamba wiki ya nane ikifika, hakuna anayeiambia dawa kwamba kazi imekwisha.

Sasa inakaa muda gani? Wataalamu hupima kwa kuhesabu siku zinazopita mpaka nusu ya dawa itoweke. Kwa atrazini, kipimo kinachotajwa sana ni siku 60 hivi, ingawa upo udongo ambao nusu hiyo huondoka kwa wiki mbili tatu, na upo mwingine unaopita siku 100. Tuchukue hizo 60. Umepiga kilo moja ya atrazini halisi kwa hekta mwishoni mwa Machi. Mwishoni mwa Mei imebaki nusu kilo, mwishoni mwa Julai robo, mwishoni mwa Septemba gramu 125. Oktoba unapanda maharage yako. Ukimpa mkulima hesabu hiyo atakwambia si mbaya sana, na ningekubaliana naye, kama dawa ingekuwa inafuata kalenda.

Haifuati. Kinachoivunja atrazini udongoni, kwa sehemu kubwa, ni viumbe wadogo, bakteria na kuvu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha habari za bakteria wa jamii ya Pseudomonas anayeivunjavunja atrazini na kujipatia humo nitrojeni anayoihitaji kuishi. Na kuna jambo la kushangaza: shamba linalopigwa atrazini mwaka hadi mwaka linaweza kuzoea, bakteria wa namna hiyo wakaongezeka, dawa ikaanza kutoweka haraka kuliko shamba jipya. Lakini bakteria ni kiumbe, anataka joto na anataka unyevu. Joto tunalo la kutosha. Unyevu, kuanzia Juni hadi Septemba kule tambarare, hakuna. Udongo ukikauka viumbe hao wanatulia, na dawa nayo inatulia. Ile nusu kilo ya mwishoni mwa Mei inaweza kukaa kiangazi kizima bila kupungua sana. Inaponyesha mvua ya kwanza ya vuli, mvua hiyohiyo inayoamsha mbegu yako ndiyo inayoyeyusha dawa na kuipeleka kwenye mizizi.

Ndiyo maana nasema tuwe waangalifu na vipimo vya nje. Vingi vilipatikana mahali ambapo miezi inayofuata kupanda ni ya joto na mvua kwa pamoja. Na hata huko hawakujiamini sana. Lebo za atrazini za Marekani zimekuwa na agizo ambalo mkulima wetu angeliona la ajabu: ukipiga baada ya tarehe 10 Juni, mwaka unaofuata usipande kingine shambani humo ila mahindi au mtama. Wao wanahesabu hadi mwaka wa pili, sisi kati ya masika na vuli tuna miezi sita, minne kati yake mikavu. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa atrazini mwaka 2004, ingawa wao kilichowasumbua ni maji ya kunywa ya chini ya ardhi. Hilo ni zungumzo la jioni nyingine.

Udongo wenyewe una usemi mkubwa. Mfinyanzi na mboji hushika dawa, kichanga huiacha huru kunyonywa au kushuka na maji. Hilo wakulima wengi wanalihisi hata bila kufundishwa. Lisilofahamika sana ni tindikali. Kwenye udongo wenye tindikali, atrazini hushikwa zaidi, na pia huvunjika kikemia bila hata kumngoja bakteria. Kwenye udongo wenye hali ya magadi hudumu zaidi na inabaki tayari kunyonywa. Sasa itazame ramani yetu. Njombe, Rungwe, na kwa majirani Kakamega na Uasin Gishu, udongo mwingi una tindikali. Shuka bonde la Eyasi, Mang'ola kwenye vitunguu, udongo unaelekea kwenye magadi. Mtu wa Njombe akimwambia shemeji yake wa Mang'ola kwamba yeye hupanda maharage baada ya mahindi yaliyopigwa atrazini na hajawahi kuona tatizo, anasema kweli tupu, na shemeji akimfuata anaweza kupoteza kitalu kizima.

Na upo mtego ndani ya hilo. Mkulima wa nyanda za juu anashauriwa kutia chokaa shambani kupunguza tindikali, na ushauri huo ni mzuri, sitaki mtu auache kwa sababu yangu. Lakini chokaa ikimwagwa kwenye shamba ambalo bado lina atrazini, hasa ikibaki juujuu bila kuchanganywa vizuri, lile tabaka la juu ambamo mbegu inalala linabadilika. Dawa iliyokuwa imeshikwa inaachiliwa, na uvunjikaji wake unapungua kasi. Washauri wa kilimo Marekani wamekuwa wakiwaonya wakulima wa soya kuhusu mashamba yaliyotiwa chokaa karibuni kwa sababu hiyohiyo. Kama unakusudia kutia chokaa, upange mwaka ambao zao linalofuata ni mahindi tena.

Niliwahi kutembezwa kwenye shamba la kukodi lililopatwa na mkasa huu, tambarare, maharage ya wiki ya tatu. Mwenye maharage alikuwa amechanganyikiwa kwa sababu yaliota vizuri, karibu kila shimo. Na hivyo ndivyo inavyokuwa. Mche wa harage siku za kwanza unakula akiba iliyomo kwenye mbegu, haujali kwamba kiwanda cha jani kimezibwa. Akiba ikiisha ndipo mambo yanapoanza. Pale shambani majani ya chini, yale yaliyotoka mwanzo, yalikuwa na ukingo wa njano, njano imeingia kati ya mishipa, na kwenye miche iliyozidiwa ukingo umekauka na kujikunja, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitiwa na moto. Majani machanga ya juu bado yalikuwa ya kijani. Yule bwana alishapiga mbolea ya majani mara moja na dawa ya ukungu juu yake. Alikuwa anajiandaa kupiga tena.

Kilichotoa jibu si jani, ni ramani ya shamba. Ukisimama kwenye kingo ukatazama, maharage yaliyokauka yalikwenda kwa mistari, ukanda mwembamba ukipita shamba zima, kisha maharage yenye nafuu, kisha ukanda tena. Kwenye kichwa cha shamba, mahali ambapo mpiga dawa hufika, anageuka na bomba bado linatoa, hakukuwa na kitu. Chini ya mgunga pembeni, palipotumika kuchanganyia na kusuuzia bomba, hata nyasi hazikuwepo. Na kwenye kichuguu ambacho mpiga dawa alikikwepa, maharage matano sita ya kijani kibichi, yamesimama vizuri kabisa. Ugonjwa hautembei kwa mstari ulionyooka. Anayetembea hivyo ni mtu mwenye bomba mgongoni.

Usije ukaona harage la njano ukasema moja kwa moja ni dawa. Ng'oa mche utazame shina pale linapoingia ardhini. Likiwa limevimba na kupasuka, na ndani ukikuta funza wadogo au pupa wa kahawia, huyo ni inzi wa maharage, na maelezo yangu yote ya leo hayakuhusu. Ukosefu wa nitrojeni nao huleta njano kwenye majani ya chini, lakini njano tulivu, jani zima, bila ule ukingo wa kuungua na bila mistari shambani. Dawa nyingine zina alama zake. Mesotrioni, ambayo nayo ni ya mahindi, hulifanya jani kuwa jeupe. Nikosulfuroni hudumaza kichipukizi cha juu na mizizi ikawa mifupi mifupi. Nazitaja hizi mbili kwa sababu siku hizi utazikuta pamoja na atrazini ndani ya chupa moja, tatu kwa mpigo. Jina kubwa la mbele la chupa halikwambii hilo. Lililomo limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni.

Ukubwa wa madhara, kwa maoni yangu, unatokana na upimaji kuliko dawa yenyewe. Kizibo kimoja cha nyongeza kwa sababu magugu yamekuwa magumu; kupita mara mbili mahali pamoja kwa sababu hukuona ulipopita. Ukipiga maradufu, hesabu yetu ya nusu kwa nusu inaanzia kilo mbili, na vuli inakukuta na kile ambacho wa kilo moja alikuwa nacho siku 60 nyuma. Malipo ya vijana wanaopiga dawa nayo yanachangia. Kijana ukimlipa kwa ekari anakwenda mbio, ukimlipa kwa bomba hana sababu ya kupunguza mabomba.

Upimaji si kazi ngumu. Chukua kamba, weka mraba wa mita 10 kwa mita 10. Tia maji matupu kwenye bomba, piga ndani ya mraba huo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uangalie yametumika maji lita ngapi. Ekari moja ina miraba kama hiyo 40 na kidogo. Tuseme zimetumika lita 5. Ekari yako itakula lita 200, yaani mabomba kumi ya lita 20. Kama lebo ingesema lita moja na nusu ya dawa kwa ekari, kila bomba lingepata mililita 150, basi. Unaifanya kazi hii asubuhi moja kabla ya msimu, na kama utabadilisha pua ya bomba au mtu wa kulibeba unairudia.

Wenzetu wa Nyanza na Magharibi mwa Kenya wameishi na jambo hili la dawa ya zao moja kudhuru jingine kwa karibu zaidi yetu, na ningependa muwasikie. Kule kiduha, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo, kinajishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya kabla hata hakijaonekana juu ya ardhi, na mbegu zake zinaweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi. Katikati ya miaka ya 2000 ikaletwa mbegu ya mahindi iliyopewa jina la Ua Kayongo, kazi iliyowahusisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya iliyokuwa ikiitwa KARI, Taasisi ya Weizmann ya Israel na kampuni ya BASF. Mahindi hayo yanastahimili dawa ya magugu iitwayo imazapiri, na mbegu yenyewe imepakwa imazapiri kwa nje. Gramu 30 hivi zinatosha hekta nzima. Dawa inabaki pale shimoni, kiduha kinachojaribu kushika mzizi kinakutana nayo.

Lakini mama wa Siaya au Vihiga hapandi mahindi peke yake. Mfuko wa mahindi uko upande huu, wa maharage upande ule, mkono ni uleule. Vumbi lililoganda vidoleni kutoka kwenye mbegu ya mahindi linatosha kuharibu harage litakaloshikwa baadaye. Kwa hiyo maelekezo yakawa: panda maharage kwanza, au nawa mikono kabla ya kuyagusa, na shimo la harage liwe mbali kidogo na la hindi. Hebu pima kiasi hicho, vumbi la kwenye vidole. Mpango ule naupenda kwa jambo moja: waliotengeneza walikaa wakafikiria zao la pembeni, wakamwambia mkulima waziwazi. Na kwa kuwa dawa ni kidogo na iko mahali pamoja, msimu unaofuata inakuwa imeshapungua kiasi cha kutosumbua. Dawa nyingi tunazonunua haziji na maelezo ya namna hiyo mdomoni mwa muuzaji.

Ipo hata jamii ya dawa ambayo kiasi kidogo namna hiyo kimeleta hasara kubwa. Mwaka 1982 kampuni ya DuPont iliingiza sokoni klorosulfuroni kwa ajili ya ngano, dawa inayopimwa kwa makumi machache ya gramu kwa hekta, wakati dawa za zamani zilipimwa kwa kilo. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Kisha kwenye udongo wa magadi wa Amerika Kaskazini, adesi na alizeti vilivyofuata baada ya ngano vikadumaa, mahali pengine miaka kadhaa baada ya dawa kupigwa. Nikosulfuroni ya kwenye mahindi ni ndugu yake, mpole zaidi, lakini ndugu.

Na samadi nayo inaweza kukuletea dawa shambani. Nitapita hapa haraka. Mwaka 2008 Uingereza, wakulima wa bustani waliona nyanya na maharage yao yanajikunja majani na kusokotwa, bila wao kupiga dawa yoyote. Ikafuatiliwa hadi kwenye samadi: nyasi za malisho zilipigwa aminopiralidi, ng'ombe wakazila, dawa ikapita tumboni bila kuvunjika, ikatoka kwenye kinyesi, ikaletwa bustanini. Idhini ya kuiuza ilisimamishwa mwezi Julai mwaka huo, ikarudishwa baadaye kwa masharti makali. Ukinunua samadi ya lori kwa ajili ya nyanya, kumuuliza mwenye zizi kama malisho yake au marobota ya nyasi aliyonunua yalipigwa dawa ya magugu hakukugharimu kitu.

Nirudi kwenye kukodi. Ukimuuliza mwenye shamba, jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba hajui, na pengine hajui kweli. Yeye alilikodisha, aliyelima masika alimwita kijana wa kupiga dawa, kijana alikuta dawa imeshafunguliwa, au imepimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Biashara hiyo ya kupimiana dawa kwenye chupa za maji imeshawaua watu waliodhani ni maji, hilo pekee lingetosha kuikomesha. Lakini ina dhara la pili ambalo halisemwi: chupa ya maji haina lebo, na dawa isiyo na lebo haina historia. Miezi sita baadaye hakuna binadamu anayeweza kusema nini kiliingia kwenye udongo ule.

Pendekezo langu kwa wenye mashamba ni hili. Unapokodisha, weka sharti kwamba mpangaji apige picha ya lebo ya kila dawa anayotumia shambani kwako, kwa simu, akutumie. Simu inaweka tarehe yenyewe. Halafu unapomkodisha mwingine, mstari mmoja uongezwe kwenye ile karatasi ya daftari: zao lililopita, dawa iliyopigwa, tarehe, kipimo. Mwenyekiti wa kitongoji anayetia mhuri angeweza kuuliza mstari huo uko wapi, kama anavyouliza mpaka uko wapi. Wapo watakaosema hili litashusha bei ya shamba. Litashusha, kwa mwenye kutaka kupanda maharage. Kwa anayetaka mahindi tena, au mtama, shamba lililopigwa atrazini halina kasoro yoyote, na bei ibaki ilivyo. Mimi naona ni haki bei ijue ukweli huo mapema kuliko aliyekodi kuujua wiki ya tatu, wakati kodi imeshaliwa.

Kama umeshakodi na jibu hukupata, bado una njia. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ina maabara Arusha, lakini sitarajii mwenye ekari moja na nusu apeleke udongo maabara kila vuli. Tumia maharage yenyewe. Anza mwezi mmoja kabla ya kupanda. Chimba udongo wa juu, kina cha kiganja, kutoka sehemu kumi hivi za shamba, usiache vichwa vya shamba mahali bomba lilipogeukia. Changanya. Kisha chukua udongo wa aina hiyohiyo kutoka mahali ambapo una hakika hapajapigwa dawa, kando ya uzio au karibu na nyumba. Jaza makopo au vidumu vilivyokatwa, vitoboe chini, vitatu vya udongo wa shamba na vitatu vya udongo safi, uviwekee alama. Panda maharage matano katika kila kimoja, na pembeni yake mahindi mawili. Mwagilia, usifurikishe.

Viweke juani. Hili nalisisitiza kwa sababu watu huviweka jikoni au barazani, na atrazini inaharibu mmea wakati jani linapofanya kazi kwenye mwanga, kivulini utadanganywa. Usitoe hukumu wiki ya kwanza, mche bado unakula akiba ya mbegu. Ngoja wiki tatu.

Maharage yakiwa sawa kwenye makopo yote, panda. Yakiwa ya njano yenye kingo kavu kwenye udongo wa shamba, na yale ya udongo safi yana afya, na mahindi ya kopo lilelile hayana neno, basi mabaki yapo, na yanafanana na ya atrazini. Hapo panda mahindi au mtama, au kama una maji ya mfereji, mwagilia shamba tupu na ulilime vizuri kuchanganya udongo wa juu na wa chini, kisha urudie makopo mwezi mwingine. Samadi iliyooza vizuri inasaidia pia, kwa kushika dawa na kuwalisha wale bakteria. Lakini kama mahindi nayo yamedumaa pamoja na maharage, usimlaumu aliyepiga atrazini. Udongo wako una shida nyingine, labda chumvi, labda dawa ya ukoo mwingine kabisa, na hapo ndipo bwana shamba anapaswa kuitwa aje ayaone makopo hayo, kabla hujayatupa.